Shokapu za Mama Feliciana

Nina miaka arobaini na minne, watoto watatu, duka la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, na gari langu ni Subaru ya bluu yenye bomba linalonguruma. Nasema mapema ili tusisumbuane. Nimeulizwa na mashemeji, nimeulizwa na mwenyekiti wa akina mama kanisani, nimeulizwa hata na mteja aliyefuata bawaba mbili tu: mama mzima, gari la vijana la nini? Nimeuza misumari na mabati miaka kumi na tisa, na sijawahi kumuuliza mtu kwa nini amenunua alichonunua.

Gari lilifika mwezi wa tano, namba mpya za E zinang'aa. Wiki hiyo hiyo mama yangu, Feliciana, aliteleza shambani akichimba viazi, akavunjika nyonga.

Alifanyiwa upasuaji Njombe mjini, akawekewa chuma, na ninawashukuru waliomshughulikia kwa sababu walimrudisha akiwa anacheka. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Daktari wa mazoezi, binti mmoja anayeitwa Jasmine, aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka. Mama aje kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, kwa miezi minne. Asipokuja, mguu utakaza, na hatatembea tena bila kushikwa mkono.

Mtu atasema, si akae kwako Ramadhani mpaka apone? Mama yangu ni Mbena wa zamani, halali nyumba ya mkwe. Lenard, mume wangu, amenioa miaka ishirini na moja iliyopita, na hadi leo mama hajawahi kukaa naye meza moja. Lenard alijitolea kuhamia kwa kaka yake kwa miezi yote minne. Mama alimshukuru sana, akasema nyumba ni ya mkwe hata kama mkwe hayumo. Kwa hiyo ikawa ni kumfuata kijijini, upande wa Wanging'ombe, kumleta mjini na kumrudisha siku hiyo hiyo, na barabara yetu ni ya changarawe.

Alhamisi ya kwanza nilimfuata na Subaru yangu. Mwenye gari wa kwanza huko Japani alikuwa mpenda mbio. Alitoa springi za kiwandani akaweka fupi na ngumu, gari likakaa chini. Kwenye lami ya kwenda Makambako nilikuwa naimba peke yangu kwa raha. Kwenye changarawe kila kokoto lilipanda mpaka mgongoni, lakini mimi nina nyonga nzima na nilikuwa nimelewa gari jipya. Mama alikaa nyuma ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mama, unaumia?"

"Hapana mwanangu. Gari zuri."

Nilimuuliza mara tatu, kwenda na kurudi. Mara zote gari lilikuwa zuri. Tulipofika nyumbani alilipapasa boneti akalishukuru, na mimi nikaondoka nimejaa furaha, mjinga kabisa.

Siku mbili kabla ya Alhamisi iliyofuata, mdogo wangu Ema, anayekaa na mama, alinipigia simu.

"Dada, mama anasema usije. Amepona."

"Amepona wapi, na anatembelea fimbo mbili?"

Ema akashusha sauti. Akaniambia kwamba nilipomrudisha, mama hakulala. Aliuma kanga usiku kucha ili asisikike. "Hataki kukwambia. Anasema hilo gari umelinunua kwa jasho lako, hawezi kulisema vibaya."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji pale dukani nikalia. Halafu nikakasirika, maana mimi kilio na hasira huwa vinafuatana. Nilimkasirikia mama kwa kunidanganya, nikamkasirikia Lenard aliyesema kwa upole wake wote, "Mama Benno, tuliuze, tutafute Toyota Noah." Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Baadaye nilimwomba radhi, na yeye, Mungu ambariki, aliniuliza tu kama nimekula.

Tulijaribu hiyo Noah. Jirani alikubali kutuazima, nikampigia Ema. Mama alikataa. Alisema hata likija gari la askofu hapandi, maana amepona. Ema ndiye aliyenifafanulia kilichokuwa moyoni mwake: akipanda Noah ya watu, kijiji kizima kitajua kwamba gari la mwanawe limemshinda, na aibu itakuwa yangu. Kuja na Subaru hawezi, kuja na jingine hataki. Alhamisi ile ikapita bure, na mimi nikawa nahesabu siku nikiuwaza ule mguu.

Ndipo nikaenda Makambako kumtafuta fundi Nahumu.

Makambako magari ya kila namna yanapita na mengine yanafia pale, kwa hiyo mafundi wake wameona mengi. Nahumu ni Mkinga wa Makete, mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, anavaa kofia ya sufu kiangazi na masika. Alilizunguka gari langu, akabonyeza kona moja kwa kiganja. Halikucheza.

"Dada, hili gari au meza?"

Nilimwambia mama yangu hawezi kulipanda. Sikumwambia yote, nilisema tu nataka shokapu nzuri kuliko zote. Akaniingiza kwenye duka la jirani yake, wakanitolea seti mbili za zile ambazo mafundi wanaziita koilova. Ni shokapu na springi yake pamoja. Chini ina pete unayoizungusha kupandisha gari au kulishusha, na juu ina kitufe kidogo cha kukaza au kulegeza. Ukikizungusha kinalia tik, na tik zipo thelathini.

Seti ya kwanza ilikuwa nyekundu, springi zake nene. Ya pili ya kijivu, springi nyembamba. Mimi sikufikiri mara mbili, nikaweka mkono kwenye nyekundu. Nimeshika nondo maisha yangu yote, na dukani kwangu chuma kinene ndicho chuma. Anayenunua nondo ya milimita nane kwa nyumba ya ghorofa namfukuza.

"Hizi," nikasema. "Hizi ndizo imara."

Nahumu hakubishana. Alisimamisha springi nyekundu sakafuni, akaweka kipande cha ubao juu yake. "Panda."

"Nipande wapi?"

"Hapo juu. Shika bega langu."

Nikapanda, na mimi si mtu mwembamba. Springi haikushuka hata unene wa ukucha. Akanishusha, akaweka ya kijivu, nikapanda tena. Ilishuka kidogo, nikaisikia ikinipokea.

"Mama ana kilo ngapi?"

"Sasa hivi hamsini na mbili."

"Basi hizo nyekundu zinamsubiri nani?" akauliza. "Nyie Wabena mkiona chuma kinene mnasahau kuna mtu juu yake."

"Na nyie Wakinga mkiona Mbena anauliza mnajua leo mmeuza."

Alicheka mpaka akavua kofia. Baada ya hapo nilimwambia yote: nyonga, Jasmine, kanga iliyoumwa, Noah iliyokataliwa. Alisikiliza hadi mwisho bila kuchezea simu. Nilichukua za kijivu.

Kuzifunga kulichukua siku nzima, na nilikaa pale pale kwa sababu sina tabia ya kuacha gari langu nikaenda kunywa chai. Nati za zamani zilikuwa zimeshika. Alizimwagia mafuta, akaziacha, akarudi, akazimwagia tena, hakuzipiga nyundo. Alipotoa springi zile fupi alinipa mkononi. Ngumu mno, na zilikuwa zimembeba mama yangu nyonga ikiwa na chuma kibichi. Nilizitupa kwenye pipa la vyuma chakavu na nikajisikia vizuri.

Alipomaliza kufunga nilidhani tumemaliza. Kumbe hapana. Nahumu alikwenda stoo, akarudi anaburuta gunia la viazi, akaliingiza kwenye buti. Akafuata la pili.

"Fundi, hayo ya nani?"

"Ya kazi. Nikipima gari tupu nitakudanganya. Umewahi kutoka kwa mama yako na buti tupu?"

Sijawahi. Hakuna aliyewahi kutoka kwa mama yake huku kwetu na buti tupu. Hata akiwa mgonjwa atakuwekea viazi, na ukikataa utasemwa mpaka mwakani. Nahumu alinikalisha kiti cha nyuma, akamkalisha jirani yake mbele, viazi vikiwa nyuma, ndipo akapima kwa futi kutoka tairi hadi ukingo wa bodi, akazungusha pete, akapima tena. Kisha, tukiwa bado tumekaa na gari limesimama kwa magurudumu yake, akaingia chini kukaza nati za mwisho. Alisema ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, zile bushi za mpira zinajikunja siku litakaposhuka, halafu zinakatika mapema. Gari langu lilikuwa limeinuka kuliko lilivyokuja. Halikuwa tena na ule mkao wa kuwatisha watu, na nilijikuta sijali.

"Kimebaki kitufe cha juu," akasema akifuta mikono. "Hicho siwezi kukiweka mimi, wala wewe. Hicho anakiweka mama."

"Mama hatapanda."

"Atapanda. Nitakuja."

Nilijua anachokifikiria. Mama anaweza kunikatalia mimi, anaweza kumkatalia askofu kwa maneno, lakini mgeni aliyeingia uani kwake hawezi kumkatalia usoni.

Alhamisi Nahumu alishuka kwenye basi la kwanza pale Ramadhani, baridi ya Julai ikiwa imemganda kwenye masharubu. Tulifika kijijini mama akiwa anaota jua nje, fimbo zake pembeni. Kuniona tu akaanza, "Si nilimwambia Ema..." Kisha akamwona mgeni, akajiweka kanga vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, akaongeza na salamu ya Kibena, "kamwene baba. Karibu. Ema! Lete kiti, weka chai."

Tulikunywa chai, tukala viazi. Nahumu alikula kwa heshima, akasifu viazi, akauliza habari za shamba. Halafu akasema, "Mama, mimi ni fundi. Nimefunga vyuma kwenye gari la binti yako na sijui kama nimefunga sawa. Nikikosea, jina langu litaharibika Makambako nzima. Naomba unisaidie kunipimia."

Hakutaja nyonga wala hospitali. Mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akaangalia gari. Aliomba koti lake. Wakati tunamwingiza kiti cha nyuma, Ema na jirani walikuwa tayari wanapakia magunia mawili kwenye buti, moja la Jasmine na moja la fundi. Nahumu alinikonyeza.

Tuliondoka taratibu, yeye amekaa mbele kushoto kwangu, shingo ameigeuzia nyuma.

"Mama, hapo vipi?"

"Pazuri, baba."

Akaniambia nisimame, akashuka, akafungua boneti, akafungua buti, akazungusha vitufe. Tik, tik, tik. Tukaendelea.

"Na sasa?"

"Pazuri."

Alilegeza zaidi. Pazuri. Alikaza mpaka meno yangu yakagongana. Nikamwona mama kwenye kioo, uso umekunjamana, mkono umeshika kiti.

"Na hapa mama?"

"Pazuri sana. Ahsante."

Niliegesha pembeni. Nilikuwa nimeshaanza kuchemka. "Mama, kwa jina la Mungu, sema ukweli!"

"Devota, usinipigie kelele mbele ya mgeni."

Nahumu alishuka akaniita nyuma ya gari. Mikono ameiweka kiunoni, kwa mara ya kwanza nilimwona amekwama. "Mama wa hivi hatasema hata nikimkanyaga kidole," akasema. "Anafanya nini siku za kawaida? Anapenda nini?"

"Kuimba. Ameimba kwaya ya usharika miaka arobaini. Sauti ya pili."

Alifikiri kidogo, akarudi ndani. "Mama," akasema, "hii safari ni ndefu na redio ya binti yako ina makelele. Hutuimbii?"

Mama hakusitasita. Kuimba kwake si jambo la kubembelezwa. Alichagua wimbo wa Kibena wa zamani, ule wa polepole ambao mwisho wa kila mstari sauti inakaa mahali pamoja kwa muda mrefu, akaanza. Nikaondoa gari. Mita mia mbili mbele tukaingia kwenye migongo ya changarawe, ile inayotetemesha gari lote. Sauti ya mama ikakatika katikati, akavuta pumzi, akaendelea.

Nahumu akainua mkono. Nikasimama. Tik, tik, tik, tik, upande wa legevu.

"Endelea mama, pale ulipoishia."

Akaendelea. Safari hii migongo ilipita bila kumkata, lakini kwenye kona gari likalala upande, likayumba, na sauti ikayumba nalo, akaishiwa pumzi kabla ya mwisho wa mstari. Nahumu akainua mkono. Tik mbili za kukaza, nyuma tu. Tukaenda. Shimo: sauti ikaruka. Tik moja mbele. Tukarudi nyuma tukalipita shimo lile lile mara ya pili, na mwenye pikipiki mmoja alisimama kutuangalia, gari la bluu linalokwenda mbele na nyuma na bibi anaimba ndani.

Sijui tulisimama mara ngapi. Najua kwamba kabla hatujafika mjini kuna kipande kibovu kuliko vyote, mashimo kushoto, mashimo kulia, na mimi nilikuwa nimeushika usukani kwa nguvu nikiomba kimoyomoyo. Mama aliingia pale akiwa mwisho wa mstari, kwenye ile sauti ya kukaa mahali pamoja. Ilikaa. Tulishuka kwenye shimo, tukapanda, tukashuka jingine, na sauti ilikaa pale pale, nyembamba, ya kizee, imenyooka, mpaka alipoamua mwenyewe kuimaliza. Kwenye kioo mikono yake miwili ilikuwa imelala mapajani.

Nahumu aligeuka mbele, akavuta kofia mpaka machoni. "Hapo hapo," akasema polepole. "Usiguse kitu tena."

Mimi nilikuwa nalia na kuendesha. Namshukuru Mungu kwamba barabara ile naijua.

Jasmine alimshughulikia mama karibu saa nzima. Alikunja mguu, akaunyoosha, akamsimamisha. Alisema wiki mbili zilizopotea zinaonekana, lakini hazijaharibu kitu, tumewahi. Akapewa gunia lake la viazi, akasema haruhusiwi kupokea zawadi. Mama akamwambia hiyo si zawadi, ni viazi.

Nahumu tulimwacha stendi na gunia lake. Alikataa kabisa kuhesabu ile siku kama kazi. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, na yeye akasema, "Dada, mimi mama yangu nilimchelewa." Akapanda basi.

Tulivuka daraja la kijijini, na jua lilikuwa bado lipo tulipofika nyumbani. Nilimkalisha mama pale pale nje, nikampa fimbo zake, nikageuka kwenda kuchukua mkoba wa dawa. Akanishika kanga.

"Devota."

"Abee mama."

"Ile siku ya kwanza niliumia."

Nilisimama. Katika miaka arobaini na minne sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Alizika mume hakulisema. Alivunjika mfupa shambani, akamwambia Ema kwamba ameteleza kidogo.

"Niliumia sana, mwanangu. Nilidhani chuma kinatoka. Nikasema bora mguu ukauke, kuliko nikwambie gari lako linaniua."

Nilipiga magoti pale chini kwenye vumbi, na gauni langu la kwenda mjini. Sikuwa na hasira hata chembe. "Na leo?" nikamuuliza. "Niambie kweli. Leo umeumia?"

Alifikiri. Nilimwona kabisa akipima, asitake kunifurahisha.

"Kidogo," akasema. "Pale kwenye daraja. Mwambie fundi."